Pampu ya vakyumu haikati, kisha inawaka na kuzima ovyo: swichi ni mbovu?

SWALI: Mzee, habari za kazi. Mimi ni seremala hapa Arua, nabandika vinia, yaani karatasi nyembamba za mbao nzuri, kwenye milango na meza. Nimejitengenezea presi ya vakyumu nyumbani: kompresa ya friji kuukuu, mfuko wa kaveera (plastiki) nzito, na swichi ya vakyumu, ile ya kuzima na kuwasha pampu kufuatana na mvuto, niliyonunua Kampala. Nilifuata video ya Mmarekani aliyesema swichi ikate kwenye inchi 27. Pampu ilivuta saa nzima bila kukata. Nikalegeza skrubu ya swichi. Sasa inakata, lakini inawaka papo hapo, inakata, inawaka, tak-tak-tak, hadi kompresa inabaki kuvuma tu bila kuzunguka, halafu inajizima. Aliyeniuzia anasema swichi imekufa, ninunue ya elektroniki. Ninunue? Na nikinunua, nichague ipi?

JIBU: Salama, fundi. Usitoe pesa bado. Kwa ulivyoeleza, swichi yako huenda ni nzima kabisa, na hata ukifunga ya elektroniki mahali palepale kwa kipimo kilekile, itakufanyia mchezo uleule. Una shida tatu zilizopandana, na ya kwanza haitokani na kifaa chochote ulichonunua. Inatokana na mahali unapoishi.

Inchi alizotaja yule Mmarekani ni inchi za zebaki. Geji ya vakyumu inapima tofauti kati ya hewa ya nje na ile iliyobaki ndani ya mfuko. Kinachokandamiza vinia yako ni hewa ya nje. Kazi ya pampu ni kuiondoa ya ndani tu. Sasa, Mombasa au Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, hewa ina presha ya kilopaskali 101 hivi, yaani inchi 29.9. Mwenye pampu nzuri kule anaweza kufika 27 na akabakiwa na chenji. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, karibu sawa na Kampala, na hewa ya hapo ni kilopaskali 88, inchi 26 basi. Inchi 27 hazipo Arua. Hata ulete pampu ya maabara, hazipo. Swichi ilikuwa inangoja kitu kisichoweza kuja, na kompresa ikaendelea kuvuta kama ilivyoagizwa. Mwenzako wa Fort Portal, mita 1,500 hivi, ana inchi 25 tu. Wa Kabale, karibu mita 2,000, ana 23 na nusu, na akiifuata video ileile ataunguza kompresa akidhani ameuziwa takataka.

Na hizo ni dari. Kompresa ya friji iliyokwisha fanya kazi miaka haigusi dari. Ikikupa inchi 22 au 23 hapo Arua, ishukuru. Kwa hiyo weka swichi ikate kwenye 20 na iwashe kwenye 17. Kama geji yako ni ya megapaskali, zile nyingi za Kichina zenye alama kuanzia 0 hadi -0.1, hiyo ni kukata kwenye -0.068 na kuwasha kwenye -0.058. Usione ni kidogo. Inchi 20 zikilalia mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 ni mzigo wa karibu tani 11. Vinia haihitaji zaidi ya hapo. Ukikaza mno, gundi nyepesi hupenya kwenye vinyweleo vya mbao na kutokea juu, na hiyo utaisugua mpaka vinia iishe.

Kabla hatujaenda kwenye tak-tak, pima swichi yenyewe ili tujue tunasema nini. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 60, bila sindano yake. Chomoa plagi ya umeme, toa nyaya kwenye swichi, chomeka mpira mfupi mwembamba kati ya bomba la sindano na tundu la swichi. Hakikisha kabla ya kuunganisha kwamba umelisukuma bomba hadi mwisho. Weka testa kwenye kontakti mbili, upande wa mlio. Kwa swichi ya kuendesha pampu, testa ilie wakati hakuna mvuto: kontakti zimefunga. Vuta polepole. Utasikia "tik" na mlio ukate. Achia kidogo kidogo, utasikia "tik" nyingine na mlio urudi. Mpira ukiwa mfupi, bomba hilo linakupa mvuto wa kutosha kabisa kuivusha swichi iliyowekwa inchi 20. Ikikupa tik mbili safi kila mara, swichi ni nzima, mwambie muuzaji asante. Mlio usipokata hata ukivuta kwa nguvu, ama skrubu imekazwa mno, ama kiwambo cha ndani kimepasuka, ama kontakti zimeungana kwa cheche. Kiwambo kilichopasuka kinajitambulisha: ukivuta na kushikilia, bomba haling'ang'anii kurudi, kwa sababu hewa inaingia kupitia swichi. Na mlio ukiwa kinyume, yaani kimya mwanzoni na kulia ukivuta, umefunga waya kwenye kontakti zisizo zake. Swichi nyingi zina tatu, hamisha waya mmoja tu.

Tukubaliane kwamba imepita mtihani. Sasa tak-tak.

Sababu ya kwanza ninayoishuku ni mahali ulipochomeka swichi. Wengi huiweka karibu na pampu kwa kuwa ndipo waya ulipo. Lakini kati ya pampu na mfuko lazima pawe na valvu ya njia moja, na swichi ikiwa upande wa pampu wa valvu hiyo, mambo yanaharibika: pampu inakata, hewa inarudi kupitia kompresa na kujaza kile kipande kifupi cha bomba kwa muda mfupi tu, swichi inaona mvuto umekwisha, inawasha tena. Mfuko wako wakati huo bado umebana vizuri, ila swichi haiuoni. Hamishia swichi upande wa pili, kwenye tangi au karibu na mfuko, kwa kabomba kake yenyewe. Geji pia iwe huko huko. Ikiwa huna valvu ya njia moja kabisa, basi hapo ndipo penye kosa, na dawa yake ni rahisi: nenda kwa wauza spea za magari uombe valvu ya bomba la busta ya breki. Karibu kila gari dogo la petroli linayo. Imetengenezwa kushikilia mvuto huohuo unaoutafuta wewe, na iliyotumika inapatikana kwa pesa ya soda chache. Ijaribu kwa mdomo: hewa ipite upande mmoja tu. Upande uliokuwa ukielekea injini ndio uelekee pampu yako.

Sababu ya pili ni kwamba huna tangi, na swichi yako ina nafasi ndogo kati ya kuwasha na kukata. Hapa niruhusu hesabu, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha pesa yako iende wapi. Kaveera ikishabana, hewa iliyobaki kwenye mfumo wako mzima, mpira na vipembe vya mfuko, ni labda nusu lita ya nafasi. Swichi ya kukata kwenye 20 na kuwasha kwenye 17 ina nafasi ya kilopaskali 10. Ili geji ishuke kilopaskali 10 katika nusu lita, inatosha kuingia hewa ya mililita 57 tu. Ukiwa na uvujaji wa lita 0.1 kwa dakika, ambao ni mdogo sana, hutausikia hata kwa sikio, pampu itawaka kila baada ya sekunde 34. Sasa weka tangi la lita 20 kwenye mfumo huohuo, uvujaji uleule, swichi ileile: pampu inapumzika dakika 22 na zaidi. Na swichi yenye nafasi ya kilopaskali 2 tu, kama zilivyo nyingi za bei rahisi zisizo na skrubu ya pili ya kupanua nafasi hiyo, inapunguza mapumziko hayo hadi moja ya tano. Ndiyo maana nasema: kwenye kuchagua swichi, watu huuliza inafika wapi, wakati cha kuuliza ni pengo lake kati ya kuwasha na kukata lina upana gani na kama unaweza kulipanua.

Kuhusu tangi, tafadhali: si jerikeni. Jerikeni itajikunja kwa kishindo kabla hujafika inchi 10. Si mtungi wa gesi ya kupikia wa kukata na kuchomelea nyumbani pia. Kuna watu wamekufa kwa hilo. Bora zaidi niliyowahi kuona ni tangi la upepo wa breki za lori, la chuma, linalouzwa kwenye spea kuukuu kama Kisekka pale Kampala, na bila shaka Arua yenu yenye malori mengi ya kwenda Kongo na Sudan Kusini halikosekani. Lilitengenezwa kubeba presha kubwa kuliko hii mara kadhaa, lina matundu yenye tredi tayari, na chini lina kikoki cha kumwagia maji. Ukikosa, bomba la PVC la inchi 4 lenye ukuta mnene, lile la maji ya presha, si lile jepesi la maji machafu, lililofungwa vizibo pande zote mbili kwa gundi yake. Mita moja inakupa lita 8 hivi. Lifunike kwa gunia, maana PVC ikishindwa hutupa vipande.

Tangi lina faida nyingine ambayo wenzetu wa Ulaya hawaifikirii sana. Umeme ukikatika saa mbili usiku na gundi yako bado mbichi, valvu ya njia moja na tangi zima vinaishikilia kazi hadi utakapokuwa umewasha jenereta, au hadi gundi yenyewe ishike. Bila hivyo, vinia inapumua na unaamka kukuta mapovu.

Uvujaji nao uutafute. Vuta hadi 20, zima kwa mkono, angalia geji na saa. Bila mfuko, tangi na bomba peke yake, sindano ya geji isiteremke zaidi ya inchi moja kwa nusu saa. Kisha ongeza mfuko upime tena. Tofauti utakayoona ni ya mfuko. Povu la sabuni halikusaidii hapa kwa sababu hewa inaingia, haitoki. Mimi hupaka mafuta mazito ya kujipaka, yale ya kopo, kwenye kiungo kimoja kimoja na kuitazama geji: ikisimama, hapo ndipo. Mara nyingi ni mdomo wa mfuko, ambapo kijiti kimoja cha taka au chembe ya randa imelala kwenye mkunjo. Mara nyingine ni tredi iliyofungwa tepu mizunguko miwili. Zungusha sita au saba.

Halafu ile kuvuma bila kuzunguka. Hii si swichi kabisa, ni tabia ya kompresa ya friji, na ndiyo sehemu ninayoijua zaidi kwa kuwa friji ndizo zinazonilisha. Kompresa hizo zina nguvu ndogo ya kuanzia. Kwenye friji yake, kidhibiti joto kinaipa mapumziko ya dakika kadhaa ili presha za pande mbili zisawazike, na kile kijiwe cha kuanzishia kilicho ubavuni, kinachopashwa moto na umeme, kipoe. Wewe unaiambia ianze tena baada ya sekunde moja, kijiwe bado kina moto, upande mmoja una ombwe na mwingine una hewa kamili. Haiwezi. Inavuma, inakula umeme mwingi mara kadhaa ya kawaida, kisha kinga yake ya joto inaikata. Ukiiacha iendelee hivyo itaungua, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Dawa niipendayo ipo kwenye kila duka la umeme Uganda: gadi ya friji, ile unayochomeka ukutani kuilinda friji umeme unaporudi. Iweke baada ya swichi ya vakyumu, kati ya swichi na kompresa. Swichi ikifunga, gadi inapata umeme, inangoja muda wake, ndipo inaruhusu kompresa. Wakati huo presha zimesawazika na kijiwe kimepoa. Tena kontakti za swichi hazipigwi na mkupuo wa kuanzia zikiwa zinafunga, kwa sababu mkupuo unakuja baadaye zikiwa zimeshatulia. Na umeme ukiwa hafifu, volti zimeshuka, gadi inakataa kuwasha, kitu ambacho swichi yako haiwezi kukifanya. Chagua gadi ambayo muda wake wa kungoja ni dakika 2 au 3, si sekunde chache. Kwenye tangi la lita 20 hutaona tofauti yoyote kwenye vinia. Ikiwa kompresa bado inasita hata baada ya kungoja, basi upande wa pampu wa valvu ya njia moja weka valvu ndogo ya solenoidi (inayofunguka na kufunga kwa umeme) ya 240 V, aina inayokaa wazi bila umeme, uiunganishe sambamba na kompresa: kompresa ikisimama inafunguka na kuingiza hewa, ikiwaka inafunga.

Na ile saa nzima ya kuvuta, usirudie. Kompresa ya friji hupoozwa na gesi inayopita ndani yake. Ukiwa na ombwe kubwa hakuna kinachopita, inajipika polepole, na mafuta yake yanatoka kidogo kidogo kwenye bomba la kutolea. Ingiza bomba hilo kwenye chupa yenye pamba, mafuta yakijaa uyarudishe. Kwa msomaji mwingine anayetaka kuifuata njia hii: kabla ya kukata bomba la friji tazama lebo. Ikiwa imeandikwa R600a, hiyo gesi inawaka moto. Mwite fundi friji.

Sasa swali lako la mwisho, ninunue ipi. Ukija kweli kununua, kwa sababu ya mtihani wa sindano au kwa sababu pengo la swichi yako haliongezeki, nenda dukani na lile bomba la sindano na testa, upime mbele ya muuzaji. Hii itakukinga na kosa la kwanza, maana ukisema tu "swichi ya presha ya pampu" utapewa kile kiboksi cha kijivu cha pampu za maji. Kile kinakata kwenye presha ya juu, kawaida kuanzia 1.4 hadi 2.8 bar, kwenye mvuto kitakaa kimefunga milele. Swichi za presha ndogo za mafriji makubwa nazo zinafanana na unachotaka, lakini nyingi zinaishia -0.2 bar, chini ya theluthi moja ya safari yako. Unayoitaka imeandikwa 0 hadi -100 kilopaskali, au 0 hadi -1 bar, na ina skrubu mbili: moja ya mahali pa kukata, nyingine ya pengo. Ya skrubu moja inanunulika ikiwa pengo lake lililoandikwa ni kilopaskali 8 hadi 15.

Kisha soma ampea. Kompresa yako ikizunguka inakula ampea 1 au kidogo zaidi, lakini ikianza inaweza kuruka hadi 8 au 10 kwa nukta moja. Swichi yenye maandishi ya ampea 5 itadumu miezi, kisha kontakti zitaungana na pampu haitazima tena. Ama tafuta ya ampea 15 na zaidi, ama, kama ninavyopenda, acha swichi iendeshe rilei tu (swichi nyingine inayovutwa na umeme mdogo) na rilei ndiyo ibebe kompresa. Rilei ikiungua ni kitu cha kubadilisha jioni moja.

Ya elektroniki, yenye namba zinazong'aa, si mbaya. Unaweka mahali pa kuwasha na pa kukata kwa vitufe, na pengo ni lolote utakalo. Lakini yenyewe inataka volti 12 hadi 24 za DC, na mlango wake wa kutolea unabeba miliampea 100 hivi, haiwezi kuwasha hata balbu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye kompresa utasikia pafu na pesa imekwenda. Utahitaji adapta, rilei, na diodi kwenye koili ya rilei. Ningemshauri anayetumia sola na pampu ya volti 12 ainunue. Kwako, kwenye karakana ya seremala yenye vumbi la mvule kila kona, ya springi na kiwambo itakusumbua kidogo zaidi siku ya kwanza na kidogo sana baadaye. Yoyote utakayotumia, weka filta ya petroli ya bodaboda kwenye kabomba ka swichi, maana gundi na unga wa mbao vikiingia humo hakuna skrubu itakayokuokoa.

Kuna njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji: kutokuwa na swichi. Kama ungekuwa na pampu ya mafundi AC, ile ya mafuta yenye mpini, ningekuambia uiache izunguke muda wote na uweke valvu ndogo ya kuingiza hewa, uirekebishe hadi geji isimame kwenye 20. Pampu hizo zinachukia kuwashwa na kuzimwa kuliko kuzunguka. Kwa kompresa ya friji njia hii inatosha kwa kazi ya dakika 40, si ya usiku kucha.

Kwa hiyo anza na valvu ya busta, tangi na gadi, kwa mpangilio huo, na upime tena baada ya kila kimoja. Huenda ukaishia kwenye tangi. Waya wa moto ndio upite kwenye swichi, si ule wa nyutro. Mwili wa chuma wa kompresa na tangi uwe na waya wa ardhi. Na kila utakapogusa skrubu ya kurekebisha, plagi iwe mkononi mwako imechomolewa, kwa sababu kwenye swichi nyingi za aina hii skrubu hiyo iko sentimita chache tu kutoka kwenye kontakti zenye volti 240.